Damu Haitiwi Maji ya Moto

Mtu akikiri kabla hajaulizwa, mpelelezi mwenye akili huvuta kiti akakaa. Inspekta alivuta kiti akakaa.

Pale kituoni walimwita Kobe, nyuma ya mgongo wake na siku nyingine mbele ya uso wake, kwa sababu ya mwendo wake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikata shauri kabla hajamaliza chai. Asubuhi hiyo chai ilikuwa mezani na imekwisha kupoa. Ng'ambo ya meza alikaa kijana wa miaka ishirini na minane, viganja vyake viwili vimelazwa juu ya ubao kama nguo zilizokwisha kunyooshwa. Mtaa mzima ulimwita Pasi. Alikuwa akinyoosha nguo za watu katika banda la kufulia la mama yake mlezi tangu kichwa chake kilipoanza kuivuka meza.

"Nimemuua mimi," Pasi alisema. "Andika, nitie saini, yaishe."

"Umemuua nani?"

"Afande, si unajua? Mkunga."

Inspekta alijua. Mkunga alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mstaafu wa hospitali, aliyeishi peke yake nyumba ya nne kutoka lile banda. Alhamisi asubuhi jirani alimkuta kitandani, amefunikwa shuka safi hadi kidevuni. Ungedhani amelala, lau si kisogo kilichopasuka kwa pigo moja la mchi. Mchi wenyewe ulikuwa umeoshwa na kurudishwa kwenye kinu chake. Shuka aliyoilalia haikuwepo. Ilipatikana jioni ya siku hiyohiyo katika banda la kufulia, mbichi, imesokomezwa chini ya kapu la nguo chafu za wateja, na pembeni ina mishono miwili ya uzi wa bluu. Kila mteja wa banda lile ana alama yake ya uzi, na mishono miwili ya bluu ilikuwa ya Mkunga.

Ufunguo wa banda alikuwa nao Pasi. Alilala humo humo. Tena, na hili ndilo watu walilolisema kwanza, Pasi alizaliwa na mfungwa, mwanamke aliyefungwa kwa kosa la kuua.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, Kobe," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia asubuhi ile akimkabidhi jalada. "Usinizungushe. Saa sita nalitaka mezani kwangu, limefungwa."

Inspekta alifungua ukurasa mpya.

"Kwa nini ulimuua?"

"Hasira."

"Za nini?"

"Hasira tu. Wewe unajua nilikotoka. Unataka sababu gani tena?"

"Ulipoingia alikuwa anafanya nini?"

Pasi alisita kidogo. "Amelala."

Inspekta aliandika *amelala*, akapiga mstari chini yake. Juu ya meza ya Mkunga alikuwa amekuta miwani imetolewa ndani ya kibweta chake na kalamu imevuliwa kofia. Mtu hatoi miwani na kalamu ili alale. Hutoa vitu hivyo anapotaka kusoma na kutia saini, lakini karatasi ya kutiwa saini haikuwepo mezani wala sakafuni.

"Na ile shuka uliifanyaje?"

"Niliifua."

"Ya nini kuifua? Ungeweza kuichoma."

Pasi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hunawa. "Ina damu," alisema.

"Ukaifuaje?"

Hapo ndipo uso wa kijana ulipopata uhai kwa mara ya kwanza. "Maji baridi. Unaloweka na chumvi, hufikichi kwanza, unaiacha damu ijitoe yenyewe. Unamwaga, unatia mengine, baridi vilevile. Sabuni ya kipande mwisho kabisa. Halafu unaanika ndani nje, maana jua likiipiga..." Akanyamaza ghafla, kama aliyejikuta anacheka msibani.

Inspekta aliandika yote, neno kwa neno. Yeye mambo ya kufua hakuyajua hata kidogo. Mashati yake aliyafua marehemu mkewe, na baada ya mkewe aliyafua Mama Dobi. Lakini alikuwa ameitazama ile shuka, na licha ya hayo maelezo mazuri, doa lilikuwa palepale, pana kama sinia.

"Mbona halikutoka?"

"Nilikuwa na haraka," Pasi alisema, akageuza macho.

Inspekta alitoa karatasi nyingine, ya zamani, iliyoanza kuchanika mikunjoni. Ilikuwa hati ya gereza ya kumkabidhi mtoto kwa mlezi. "Hapa pameandikwa ulizaliwa pacha."

"Mwenzangu alikufa siku hiyohiyo. Mama alikuwa akiniambia Mungu alichukua mmoja, akamwachia yeye kazi ya huyu mwingine." Pasi alitabasamu kidogo. "Nilikuwa mtundu."

"Jana askari walipokufunga pingu, mama yako alisema nini?"

Pasi alianza kulainisha ubao wa meza kwa kiganja, polepole, toka kati kwenda pembeni, kama anayeondoa mkunjo usioonekana.

"Pasi."

"Alisema, 'Nilijua.'" Kiganja kilifika ukingoni kikarudi. "Neno hilo moja tu. Basi na mimi nikasema ndiyo, ni mimi."

*

Banda la Mama Dobi lilikuwa na mabeseni manne ya saruji, kamba saba, rafu ya vifurushi vilivyofungwa kwa karatasi, na harufu ya wanga uliochemshwa. Mama Dobi mwenyewe alisimama kwenye meza ya pasi, mahali pa Pasi, akinyoosha shati jeupe. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mfupi, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Hodi, mama."

"Karibu, Inspekta. Najua ulichokuja kusema. Amekiri."

"Amekiri."

Aliinamia shati. "Nililea," alisema. "Mungu ni shahidi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, basi nilimkunja. Kila jioni nilimkagua mifuko. Kabati nilifunga, ufunguo nikautia kifuani. Akinuna namchapa, maana nilijiambia, ile damu inaanza kuchemka. Nilimlea kwa macho mawili wazi. Sasa ningefanya nini zaidi?"

"Na huyu mwingine?"

"Nani? Mheshimiwa?" Uso ulilegea. Mheshimiwa lilikuwa jina la mtaani la yule aliyejulikana kuwa mwanawe wa kumzaa, alilopewa tangu akiwa shule kwa kuvaa viatu vilivyong'aa wakati wenzake wanakwenda pekupeku. Sasa jina lilikuwa limegeuka kweli. Jumatatu ijayo alikuwa anakwenda kuapishwa kuwa hakimu. "Yule hakuhitaji kuchungwa. Yule alizaliwa mwema."

"Hakuwahi kukosea?"

"Mtoto gani hakosei? Alikuwa akivunja, akichukua vya watu, mambo ya kitoto. Nilikuwa nayasafisha kabla baba yao hajarudi. Hili ndilo shati lake la kiapo."

Inspekta aliitoa ile shuka kwenye mfuko wa ushahidi, akaitandaza juu ya ukingo wa beseni, penye mwanga wa dirisha. Alitaka tu kumwuliza kuhusu ule uzi wa bluu. Ilikuwa kazi ya utaratibu, kila ushahidi utambuliwe na mtu anayeufahamu. Mama Dobi aliiacha pasi, akaja akivaa miwani. Alishika pembe, akautazama uzi, akaitikia kwa kichwa. Kisha vidole vyake vikafika kwenye doa, vikalifikicha.

"Mpumbavu gani huyu kaipika damu?" alisema kwa ukali.

"Kaipikaje?"

"Si unaona rangi? Kahawia, imeshika ndani ya nyuzi. Haya ni maji ya moto, tena ya kutokota. Damu haitiwi maji ya moto, Inspekta! Ukiitia inaiva kama yai, na ikishaiva hutaitoa mpaka kiama. Pasi alilijua hilo akiwa na miaka saba. Hakuna mtu wa kazi hii anayeweza..."

Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine. Inspekta alikuwa ameona watu wengi wakipata habari mbaya, na daima mtu mwingine ndiye aliyeileta. Huyu alikuwa ameipata kutoka kwenye vidole vyake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumkatalia.

"Kwa Mkunga nilikuta sufuria kubwa juu ya jiko," Inspekta alisema taratibu, kwa sababu ilikuwa lazima isemwe. "Ndani kuna maji ya kujaa ndoo. Nikajiuliza, mwanamke wa chai ya kikombe kimoja anachemshia nani maji yote haya? Mama, ndani ya nyumba yako ni nani ambaye hajawahi kutia mkono kwenye beseni?"

Harufu ya kuungua ilijaa banda. Mama Dobi aligeuka, akanyakua pasi. Kwenye kifua cha shati jeupe palibaki alama, umbo la pasi kamili. Alikuwa hajaunguza nguo ya mtu kwa miaka thelathini.

"Nilimkataza mimi," alisema. "Nilimwambia, wewe una mikono ya kalamu."

"Kuna jambo jingine. Pasi na Mheshimiwa wamezaliwa tarehe moja."

"Mtaa mzima unajua."

"Mkunga wao mmoja."

"Hospitali ilikuwa moja."

"Hati ya Pasi inasema pacha mwenzake alikufa. Nimekuwa nikiitazama toka jana. Mama, aliyekufa ni wa nani?"

Mama Dobi alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Kobe, ambaye sifa yake kubwa duniani ilikuwa kungoja, alimngoja.

"Ni wangu," alisema mwishoni. "Alfajiri ile mimi nilijifungua maiti. Mume wangu alikuwa nje kwenye benchi, na mama mkwe wangu pembeni yake, wamekuja na nguo za mtoto. Ilikuwa mimba yangu ya nne na hakuna hata moja iliyobaki. Chumba cha pili kulikuwa na mfungwa, amejifungua wawili, naye anavuja damu, hajijui. Mkunga akanihurumia. Akaja na wote wawili, mmoja huku mmoja huku. Akasema, yule hatavuka wiki, chagua mmoja nikuandikie. Wangu aliyekufa akamwandika wa mfungwa. Kweli, siku ya sita yule mwanamke akafa, na mtoto aliyebaki alikuwa apelekwe kwenye nyumba ya yatima. Sikuweza. Nilikuwa na nduguye tayari kwenye ziwa langu. Nikaenda nikasaini, nikamleta."

"Ukawaambia watu huyu wa gereza, yule wako."

"Hati ilimtaja mmoja, Inspekta. Yule mwingine sikuwa na njia ya kumtaja." Alijifuta uso kwa kanga. "Na mimi mwenyewe nilisahau. Utacheka, lakini nilisahau. Baada ya miaka miwili mitatu niliamini kabisa mmoja ametoka tumboni mwangu na mwingine ni mbegu mbaya. Nikawa nawaona hivyo. Mmoja akipiga mtu nasema ana moyo, mwingine akipiga mtu nasema, enhe, ndiyo hiyo."

Nje palisikika viatu vigumu juu ya saruji.

"Mama! Shati langu tayari?"

Mheshimiwa aliingia akiinama kukwepa kamba. Alikuwa mrefu, nadhifu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa leso. Alipomwona Inspekta alinyoosha ule wa kulia kwa heshima.

"Afande, pole na kazi. Jambo hili limetuvunja. Nimemwambia mama, sisi tulimpa kila kitu, lakini kuna mambo huwezi kuyatoa ndani ya mtu."

"Mkono umefanyaje?"

"Huu? Chai. Nilijimwagia."

"Pole. Kabla hujakaa, nisaidie kitu kidogo, mimi mgane sijui mambo ya nyumbani. Damu kwenye shuka hutolewaje?"

Mheshimiwa aliangalia shuka, akaangalia pembeni. "Sijui, afande. Maji ya moto, nadhani. Ya moto sana."

Mama Dobi aliinamisha kichwa.

"Ofisi ya mahakama inataka nini kwako kabla ya Jumatatu?" Inspekta aliuliza.

"Vyeti. Mambo ya kawaida."

"Saini ya mkunga," alisema mama yake kutoka kwenye ndoo. Hakuinua kichwa. "Cheti chake kiliandikwa kwa kuchelewa, wakataka mkunga aliyemzalisha athibitishe. Mimi ndiye niliyemtuma kwake. Jumatano, saa kumi. Nilimwambia, nenda baba, bibi yule atakusainia, ananipenda."

"Mama!"

"Karatasi iko wapi, baba?"

Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minane, msomi, aliyekwisha kupimiwa joho la hakimu. Lakini alimgeukia yule mwanamke mfupi kwa uso ambao Inspekta alikuwa ameuona kwa watoto waliovunja kioo, uso wa kungoja mtu mwingine aokote vipande. Hakuna aliyeokota.

"Alikataa," Mheshimiwa alisema. "Alivaa miwani, akashika kalamu, halafu akaiweka. Akasema amezeeka, hawezi kuapa uongo na kaburi linamwona. Akasema mimi na Pasi tumbo letu ni moja. Mimi! Nikamwambia asirudie. Akarudia. Akasema atakwenda mwenyewe mahakamani kueleza, ili nianze kazi nikiwa msafi. Msafi! Aligeuka kutafuta viatu. Sijui, afande. Mchi ulikuwa pale."

"Kisha ukachemsha maji."

"Nilitaka kutengeneza. Nilimlaza vizuri. Nilimfunika."

"Na shuka kwa nini uliileta hapa?"

Swali hili lilimshangaza kwa dhati. "Nguo chafu huletwa hapa," alisema.

"Ulijua atakamatwa nani."

"Sikumtaja mtu yeyote."

"Hukuhitaji."

Mheshimiwa alivuta pumzi, akajinyoosha, na ilionekana wazi kwamba ameshapata pa kushika. "Afande, nisikilize. Wewe ni mtu wa haki. Mimi nimelelewa vizuri, waulize wote. Sikuwa mtu wa kufanya kitu kama kile. Ni ile damu. Aliponiambia tu nilikotoka, niliisikia ikipanda. Sikuwa mimi."

"Nduguyo anayo hiyohiyo," Inspekta alisema. "Tone kwa tone. Ameambiwa kila siku kwamba anayo, na ameishi nayo miaka ishirini na minane akinyoosha mashati yako."

Inspekta alikuwa amefanya kazi hii miaka thelathini na mbili. Alikuwa amesema mtoto wa nyoka mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka, na siku zingine alikuwa amesema kinyume chake, umleavyo ndivyo akuavyo, kutegemea jalada lililokuwa mezani. Kama leo ungemwuliza kipi ni kipi asingekujibu. Alijua tu kwamba moyo unamuuma, na kwamba pingu ziko mfuko wa kulia.

"Mama, sema kitu," Mheshimiwa alisema.

Mama Dobi aliinuka. Alimshika ule mkono uliofungwa leso, akaifungua, akakiangalia kiganja kilichobabuka, akakifunga upya vizuri zaidi, fundo ndani.

"Maji baridi husaidia doa likiwa bichi," alisema. "Kwako ilikuwa zamani, baba. Ilikuwa ukiwa na miaka saba."

*

Saa sita kasorobo Mama Dobi alifika mlango wa selo. Alikuwa ameomba jambo moja tu, asije mtu mwingine akamwambia Pasi kabla yake. Inspekta alimfungulia, akaacha mlango wazi, akabaki kizingitini kwa sababu kanuni zilitaka awepo.

Pasi alisimama haraka. "Mama! Nani yuko bandani? Mkaa wa pasi umeuzima?"

"Nimeuzima."

"Zile foronya za nyumba ya wageni zinatakiwa leo. Zimo rafu ya chini, nimeshazinyoosha, kuzifunga tu."

"Mwanangu, kaa."

"Sikai. Kwa nini umekuja? Mimi nimeshamaliza huku."

"Mwenzio amekiri."

Pasi alimtazama Inspekta, akarudisha macho kwa mama yake. "Mwongo," alisema. "Nimeua mimi. Nimeshaeleza, imeandikwa."

"Uliiona ile shuka asubuhi ya Alhamisi, siyo?" Inspekta aliuliza kutoka mlangoni. "Ukalijua doa. Ukajua ni nani."

Pasi alimsogelea mama yake, akashusha sauti, kama mtu anayegombana na wa kwao mbele ya mgeni. "Mama, acha. Wewe unaye mmoja wa tumbo lako. Mimi ni wa kupewa, na cha kupewa hurudishwa. Utabaki na nani uzeeni? Atakuwa hakimu, atakutunza. Na kila mtu alishajua kwamba nitaishia hapa. Wewe mwenyewe ulijua."

Mama Dobi alishika vyuma vya dirisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine.

"Sina wa tumbo langu. Wangu alikufa alfajiri ile. Yule anayesemwa kwenye hati yako kwamba alikufa, ndiye wangu. Mwenzio ndiye pacha wako. Mama yenu mmoja. Mkunga alinipa, nikanyamaza."

Kelele za barabarani ziliingia kwa dirisha dogo, honi na mtu anayenadi vitu. Inspekta alingoja kijana alie, au apige ukuta, au acheke. Alikuwa na haki ya lolote kati ya hayo. Pasi alikaa tu kwenye benchi la saruji. Viganja vyake vilitafuta kitu cha kulainisha, vikaishia kwenye magoti ya suruali.

"Kwa hiyo walikuletea wote wawili," alisema.

"Ndiyo."

"Pamoja."

"Pamoja. Mmoja huku, mmoja huku."

"Na hukuwa unajua yeyote kati yetu."

"Nani angejua? Mlikuwa na saa moja duniani. Wekundu, mmefanana."

"Ukachagua."

"Nikachagua."

Inspekta alitazama karatasi ya kumwachia huru iliyokuwa mkononi mwake, ambayo hakuna aliyeiulizia.

"Ulichaguaje, mama?"

Inspekta aliona kwamba Mama Dobi hataki kujibu, na kwamba atajibu. "Mmoja alikuwa kimya," alisema. "Mwingine analia. Anapiga miguu, anapiga kelele, amekunja ngumi. Nikaogopa. Nikasema, nipe huyu aliyetulia."

Pasi alifikiri. Aliyapitia yote, mifuko iliyokaguliwa, kabati lililofungwa, fimbo, *nilijua*, miaka ishirini na minane iliyonyooshwa juu ya meza ya mtu mwingine. Ilikuwa ikipita usoni pake na Inspekta akaiona ikipita.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalia," alisema.

Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, lakini hakuutazama. Mama Dobi alipiga magoti chini, palipo pachafu, mwanamke ambaye hakuwahi kuvumilia uchafu, akaishika mikono ile iliyonyooka.

"Ulikuwa na njaa tu," alisema. "Mwanangu. Ulikuwa na njaa tu."